Simu Ilivyonichukua Vipimo

Maneno yenyewe niliyasikia kwa muuza maziwa. Alikuja kuchukua suruali yake, niliyokuwa nimeipanua kiunoni. Alimkuta binti yangu anameza kidonge chake cha asubuhi.

"Bado anameza hivyo?" aliuliza.

"Bado. Asubuhi na jioni."

Alisubiri mtoto atoke nje. Kisha akashusha sauti.

"Mama Bobini, mimi si daktari, mimi nauza maziwa. Lakini watu wanasema vidonge vya kifafa vinakausha ubongo. Mtoto anaonekana mzima kwa nje, kumbe ndani kunakauka."

"Watu gani hao?"

"Watu. Mpaka kwenye simu wanasema."

Akaikunja suruali yake, akaibana kwapani. Mlangoni aligeuka. "Na hiyo tepe yako, unene wa tumbo langu ubaki siri yenu wawili."

Nilicheka. Alipoondoka, kicheko kiliisha, neno likabaki. Kunakauka. Nilishona mkono wa blauzi nikauweka upande usio wake. Nikafumua. Neno bado lipo.

Mimi ni fundi cherehani. Nimesoma mpaka darasa la saba, basi. Herufi zote nazijua, lakini nasoma kama mtu anayevuka maji kwa kukanyaga mawe. Nakanyaga neno, nasimama, natafuta jingine. Naandika haya kwa mama mwenzangu anayesoma kama mimi. Mwenye kusoma haraka naye asome, hatadhurika.

Nyumba yetu ni chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Mbele ya pazia ndiyo kazini kwangu. Kuna cherehani dirishani, meza ya kukatia, kopo la vifungo, na daftari la vipimo vya wateja. Kifua, kiuno, urefu wa mkono, yote nimeandika humo. Mume wangu ni fundi rangi. Hutoka asubuhi na brashi zake, hurudi na rangi mpaka kwenye kope.

Binti yetu ana miaka tisa. Tunamwita Bobini, kwa sababu alipoanza kutembea alikuwa anazunguka tu, kama bobini ya cherehani inapojazwa uzi. Alipata kifafa akiwa na miaka mitano. Vidonge vilimtuliza. Mwaka mzima uliopita alianguka mara moja tu.

Tena huyo Bobini ndiye aliyekuwa msomaji wa nyumba. Mteja akituma ujumbe, namwita.

"Nisomee."

"Anasema, fundi, gauni langu lisiwe la kubana, nimenenepa."

"Kaandika hivyo kweli?"

"Kaandika ameongezeka kidogo. Mimi nimefupisha."

Alisoma kama anamwaga maji. Mimi nilikuwa najivunia, mpaka wateja walichoka kusikia.

Sasa hilo neno la muuza maziwa nisingeweza kumpa Bobini anisomee. Ningemwambiaje? Nitafutie kama ubongo wako unakauka? Nikachukua simu mwenyewe. Nikaandika herufi moja moja: vidonge vya kifafa ubongo.

Ikaja video ya mtu amevaa koti jeupe kama la daktari. Nilizima sauti haraka, maana Bobini alikuwa chini ya meza anapanga vifungo. Kwa hiyo ilibidi nisome maandishi yanayopita chini ya picha. Yanapita upesi. Nasimamisha, nasoma. Naachia, nasimamisha tena. Nikipotea, naanza mwanzo. Video ya dakika moja nilikaa nayo hata dakika nne, tano.

Yule wa koti jeupe alisema: acha vidonge, ubongo upumue.

Siku ya pili nilifungua simu nitazame mishono ya magauni. Kabla ya magauni ikaja video nyingine ya kifafa. Sikuitafuta. Ilikuja yenyewe. Siku ya tatu zikaja tano. Kufika siku ya saba, magauni yalikuwa yamepotea kabisa. Kila nikisogeza kidole, naona kifafa, vidonge, ubongo. Alikuwepo hata mama mmoja kama mimi, tepe shingoni, analia.

Nikasema moyoni, watu wengi namna hii hawawezi kukosea wote. Tena nikadhani dunia nzima inaona ninachoona mimi. Nikadhani ndiyo habari ya mjini, na mimi ndiye wa mwisho kuipata.

Nilimwambia mume wangu akiwa anasugua rangi mikononi.

"Nesi wa kliniki amesemaje?" aliuliza.

"Nesi anasema alivyofundishwa. Hawa wanasema walivyoona kwa watoto wao."

"Mama Bobini, mimi rangi ndiyo naijua. Wewe ndiye unayeshinda naye."

"Kwa hiyo unasemaje?"

"Nasema wewe ndiye unayeshinda naye."

Akaendelea kusugua rangi. Nami sikumsukuma. Kila mmoja wetu alikuwa anamwachia mwenzake mzigo, na mzigo wenyewe ni mtoto.

Siku ya tisa, kopo la vidonge nililiweka kwenye droo, chini ya zipu.

"Mama, kidonge changu?"

"Leo tunapumzika."

"Na kesho?"

"Tutaona."

Akaruka kwa furaha. Kile kidonge kilikuwa kichungu, na yeye kila siku alikuwa anakunja uso kama amelamba sabuni.

Siku ya kwanza hakikutokea kitu. Ya pili hakuna. Ya tatu akawa mchangamfu, anaimba. Nikajiambia, unaona? Ubongo unapumua.

Siku ya nne, saa sita mchana, nilikuwa kwenye cherehani nimempa mgongo. Nikasikia kopo la vifungo limeanguka. Nikasema, "Bobini, okota." Kimya. Nikasema tena, "Mtoto huyu, nimesema okota." Nikageuka.

Kifafa chake nilikuwa nakijua. Huja, humtikisa kidogo, huondoka. Hiki hakikuondoka. Nilimlaza ubavu kama nilivyofundishwa kliniki, nikahesabu. Nilipofika mia tatu nilipiga kelele ambayo sijui kama ilikuwa yangu.

Jirani yetu wa mlango wa pili alikuwa nyumbani, yuko likizo. Ni mama wa makamo, karani katika ofisi inayopokea malalamiko ya watumiaji wa simu na mitandao. Sisi tunamwita Karani tu. Alikuja na kanga moja na kandambili zisizolingana. Alimbeba Bobini mwenyewe mpaka barabarani, akasimamisha gari la kwanza lililopita.

Kliniki, nesi alituuliza huku mikono yake inafanya kazi.

"Mara ya mwisho amemeza dawa lini?"

"Leo asubuhi," nilisema.

Nilidanganya. Naandika ili ujue. Mwanangu anatikisika pale kitandani, na mimi naona aibu.

Nesi alinitazama usoni. "Mama, ninachompa sasa kinategemea jibu lako. Nakuuliza tena. Lini?"

"Siku nne zimepita."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alimwita daktari, pazia likavutwa.

Bobini hakufumbua macho siku tatu. Siku ya pili nesi alikaa na mimi kwenye benchi.

"Nani alikwambia umwachishe?"

"Dada, watu wengi. Kwenye simu wanasema vinakausha ubongo."

"Vidonge hivi havikaushi ubongo. Kinachoumiza ubongo ni kifafa kirefu kama hiki. Na ukiviacha ghafla, ndipo kifafa kirefu kinapokuja. Dawa hii daktari tu ndiye huipunguza, tena kidogo kidogo. Ukiwa na hofu, hofu yako ilete hapa. Hapa hatuchoki kuulizwa."

"Sikutaka kuonekana mjinga."

"Sasa ungeonekana mjinga dakika tano, halafu ungerudi nyumbani na mtoto wako."

Tulirudi naye wiki ya tatu. Alitembea. Alikula. Alinijua. Tulimshukuru Mungu, majirani wakaja. Siku ya tano ukaingia ujumbe wa mteja, nikasahau, nikamwita kama zamani.

"Bobini, nisomee."

Alishika simu. Alitazama. Alitazama sana.

"Mama, hii ni nini?" aliuliza, kidole kwenye herufi mbili za kwanza.

Nilimwambia ni ka. Akasema, "Ka." Akanitazama kama ananidai neno linalofuata. Baba yake alikuwa mlangoni na brashi zake. Alizishusha chini taratibu, akatoka nje, akakaa kwenye kizingiti na hakwenda kazini siku hiyo.

Karani alikuwa akija kila jioni baada ya kazi. Jioni moja alinikuta nimeshika simu.

"Bado unatazama?"

"Sitazami. Zinakuja zenyewe. Nikifungua tu, zipo. Wewe unazivumiliaje?"

"Mimi? Mimi sijawahi kuziona."

Nilidhani ananitania. Alitoa simu yake, akaiweka juu ya meza ya kukatia, kando ya yangu. Mtandao ni uleule, alama ileile. "Fungua yako, nami nafungua yangu. Tusogeze pamoja."

Yake ikaleta mtu anapanda nyanya kwenye ndoo. Yangu ikaleta koti jeupe. Yake ikaleta mpira. Yangu ikaleta mama analia. Yake ikaleta paka kaanguka kwenye beseni. Yangu ikaleta koti jeupe tena. Tulisogeza mara ishirini. Kifafa kwake hakikuja hata mara moja.

 Nikakaa kwenye kiti cha cherehani.

"Kwa hiyo si watu wote wanaosema?"

"Si watu wote. Ni wachache, wamewekwa mbele yako peke yako."

"Na nani?"

Karani alivuta daftari langu la vipimo, akalifungua. "Hiki nini?"

"Kiuno cha muuza maziwa. Aliniomba iwe siri."

"Ukishakuwa na kipimo chake, unahitaji kumwuliza tena akitaka suruali?"

"Sihitaji. Nakata tu."

"Basi na wao wana daftari lako. Kila unachotazama, wanapima. Umesimama wapi, kwa muda gani, umerudia mara ngapi. Kisha kompyuta inakukatia nguo ya vipimo hivyo. Haiulizi kama nguo itakusaidia au itakunyonga. Inataka ukae hapo hapo, usiondoke. Hiyo kanuni ya kuchagua, ofisini tunaiita algoriti. Jina lina meno, lakini kazi yake ni hiyo tu, kuchagua nani aone nini."

"Lakini mimi sikubonyeza kwamba nazipenda. Hata mara moja."

"Hukuhitaji kubonyeza. Ulikaa."

"Nilikaa kwa sababu nasoma polepole!"

Nilisikia sauti yangu imepanda. Nyuma ya pazia Bobini alikuwa anajisemea, ka, ke, ki, akanyamaza.

Karani alifunga daftari. "Kompyuta haijui hilo. Kwake, aliyekaa muda mrefu ni aliyependa."

Kisha akanieleza kuhusu sheria. Nilikuwa sijui kama ipo. Ilipitishwa mwaka mmoja kabla.

"Sheria hii haimzibi mtu mdomo," alisema. "Yule wa koti jeupe ana kesi yake na wakubwa wa afya. Sheria hii inamshika mwenye mtandao. Inamwuliza, kwa nini ulimchagua huyu ukampeleka kwa mama huyu? Una haki ya kuuliza, nao lazima wakujibu kwa lugha unayoielewa, ndani ya siku thelathini. Tena ajibu mtu, si kompyuta. Na lazima wakuwekee mahali pa kuzima huko kuchaguliwa. Habari za ugonjwa hawaruhusiwi kumrundikia mtu kwa sababu tu ametazama ugonjwa."

"Mahali pa kuzima pako wapi?"

"Hapo ndipo walipo wajanja. Wameweka, lakini ndani kama kitu cha wizi."

Tulipatafuta wote wawili. Mipangilio, kisha faragha, kisha mapendekezo, kisha chini kabisa, maandishi madogo kuliko lebo ya shati. Nilibonyeza. Nilipofungua tena, koti jeupe halikuwepo. Hivyo tu. Kidole kimoja. Nilikaa nakitazama kile kidole.

"Ningelijua hili mwezi uliopita," nilisema.

 Kuna mambo hata Karani hana fomu yake.

Lalamiko kwa wenye mtandao aliliandika kwa maneno yangu. Jibu la kwanza lilikuja palepale: Asante kwa maoni yako, tunakujali.

"Hiyo kompyuta," alisema Karani. "Sheria inataka mtu. Tunarudisha."

Tulirudisha. Walisema tusubiri. Tukasubiri. Walitutumia kurasa kumi na moja za maneno ambayo hata Karani alikuna kichwa. Tukarudisha tena, ofisi yake ikawaandikia barua nzito. Muuza maziwa alikuwa akipita ananisalimia kwa mbali, hajui asimame au aende. Siku moja nilimwita.

"Wewe ulisema watu wanasema."

"Mama Bobini, nisamehe. Na mimi niliambiwa."

"Na aliyekwambia?"

"Aliona kwenye simu."

Sikuwa na la kumfanya. Suruali yake ilikuwa imeanza kumbana tena, nikampima.

Siku ya ishirini na tisa jibu lilikuja, lina jina la mtu chini. Nililisoma mwenyewe, jiwe kwa jiwe. Nakuandikia lilivyosema:

Katika siku tisa ulitazama video sitini na mbili za aina hii. Kwa wastani ulikaa na kila moja mara nne ya urefu wake. Mfumo wetu ulichukulia kwamba unazipenda sana, ukakuongezea. Video hizo hazikupaswa kupendekezwa kwa mtu anayetafuta habari za matibabu. Tumesitisha kuzipendekeza. Pole kwa usumbufu.

Usumbufu. Nililirudia neno hilo nikidhani nimekosea kusoma.

Karani anasema ni ushindi. Anasema ofisi yao imewaamuru wasisukume tena video kama hizo kwa wagonjwa, na wanaomtunza mgonjwa wamo. Anasema kuna mama mahali fulani ambaye hazitamfikia, na hatajua kamwe. Namwamini. Najaribu kufurahi kwa ajili ya huyo mama. Lakini wiki iliyopita mteja alinionyesha video simuni mwake, na yule wa koti jeupe yumo. Sasa amevaa koti la buluu.

Bobini anameza vidonge vyake asubuhi na jioni. Ana miezi minne hajaanguka. Daktari anasema kusoma kunaweza kurudi, au kurudi nusu. Mwalimu amemrudisha kwa watoto wa darasa la kwanza, anakaa nao, magoti yanagonga meza. Jioni tunasoma wote wawili. Zamani alikuwa ananisubiri mimi nimalize mstari, anahema kwa kukosa subira. Sasa namsubiri yeye.

Jana aliikuta ile barua mezani. Alikuja nayo, akaweka kidole.

"U. Li. Ta." Alipumzika. "Za. Ma. Ulitazama."

"Vizuri sana, mwanangu."

Akanitazama, amefurahi kwamba neno zima limetoka.

"Ulitazama nini, mama?"

Nilimwambia tuendelee na mstari unaofuata.

Kwa hiyo, mama mwenzangu, haya ndiyo ya kuepuka. Nimeyaandika moja moja ili usichoke.

Usiache dawa ya mtoto kwa neno la mtu au la simu. Hata siku moja.

Usidhani unachoona kwenye simu yako wote wanakiona. Weka simu yako kando ya simu ya jirani, msogeze pamoja.

Usikae na video unayoiogopa. Ukikaa, wanapima. Kama unasoma polepole, ifunge, uende ukamwulize mtu mwenye uso.

Usiamini kitu kwa sababu kimekuja mara nyingi.

Usiamini koti.

Usiache simu ikuchagulie. Tafuta mahali pa kuzima. Ukishindwa, omba kijana akutafutie, na kama hajui, nenda ofisi ya malalamiko.

Usikubali jibu la kompyuta, wala jibu la kurasa kumi na moja. Kama kwenu kuna sheria, dai mtu akujibu. Kama haipo, uliza kwa nini.

Usimwachie mwenzako uamuzi ili lawama iwe yake.

Usipeleke neno la watu kwa mama mwenye mgonjwa halafu ukasema, na mimi niliambiwa.

Usione aibu kuuliza kliniki.

Na ukiulizwa na nesi mara ya mwisho ni lini, usidanganye.